Ombi la Kuliondoa Kasri Mbele ya Bekari

Courvallon, ukingoni mwa Mto Vienne,
Jumanne, 17 Juni

Kwa Mheshimiwa Msimamizi wa Mandhari ya Majengo ya Kale,
Makao Makuu ya Wilaya.

Mheshimiwa,

YAH: KULIONDOA KASRI LA COURVALLON

Pokea salamu za heshima kutoka ukingoni mwa mto. Natumaini u mzima, hasa macho, maana kazi yako yote ni ya macho. Sisi huku hatujambo, ila hatuna mkate, na ndiyo sababu ya barua hii.

Jina langu ni Anselme Bourdichon. Huenda unanikumbuka. Ni yule mtu mnene aliyekuwa amesimama kando ya maji ulipokuja kutukagua, ukanyoosha kidole ukauliza, "Kile ni nini?" Meya wetu akakujibu, "Yule ni Bwana Bourdichon, anakodisha mitumbwi." Ukaandika kitu kwenye karatasi yako. Mpaka leo sijui kama uliandika juu ya mitumbwi au juu yangu.

Mimi si mtu wa ugomvi. Mke wangu Josiane husema nikigombana na kiti, kiti hushinda. Lakini Jumamosi hii Bi. Ghislaine Tourneboeuf, mwoka mikate wetu, lazima atoe jibu: ama anabaki nasi, ama anahamia duka kubwa la kule kwenye kipilefti cha mjini, ambako wamemwahidi tanuri la umeme na kofia yenye nembo. Hawezi kubaki bila bomba jipya la moshi. Bomba la moshi umelikataa wewe, kwa sababu ya kasri. Nimelifikiria jambo hili nikiwa nimekaa na nikiwa nimelala, nikaona kwamba kati ya bomba na kasri, kimoja hakina budi kuondoka. Kwa unyenyekevu mkubwa naomba liondoke kasri. Sababu zangu ni hizi:

1. Kasri lina macho kuliko adabu.

Sheria unayoilinda inasema kwamba chochote kinachoonekana kutoka kwenye kasri, au kinachoonekana pamoja na kasri, ndani ya mita mia tano, hakibadilishwi bila kibali chako. Sina neno na sheria. Tatizo ni kwamba kijiji chetu, hata ukikinyoosha vizuri, hakifiki mita mia tano. Maana yake tumo machoni mwa kasri tangu tunapozaliwa mpaka makaburini, na makaburi nayo yanaonekana.

Mwaka juzi nilitaka kupaka rangi mbao za madirisha yangu. Nilikuwa na samawati nzuri iliyobaki. Ofisi yako ikaniletea kadi yenye rangi nne, nichague kwa uhuru: kijivu cha mawingu, kijivu cha njiwa, kijivu cha jiwe lililolowa, na kijivu cha majivu. Nikachagua njiwa. Nilipomaliza ikaja barua kwamba nilichopaka ni mawingu, na mawingu ni ya upande wa kanisa tu. Josiane akaisoma barua ile, akasema, "Usihangaike. Mvua ikinyesha zitakuwa jiwe lililolowa." Kisha akaniangalia nilivyosimama juu ya ngazi, fulana imepanda. "Shuka, mume wangu, kabla hawajakuona. Tumbo hilo halina kibali."

2. Kasri linahatarisha maisha ya watu majini.

Mitumbwi yangu ya kukodisha ilikuwa ya njano. Sikuichagua njano kwa ajili ya urembo. Mtu wa sura yangu hapewi dhamana ya urembo. Njano ni rangi inayoonekana mtu anapozama. Ofisi yako ikasema kwamba njano "inapigana na jiwe," ikaniagiza nitumie rangi "inayonyenyekea mbele ya mto." Nikatii. Sasa nina mitumbwi yenye rangi ya maji.

Mheshimiwa, umewahi kutafuta maji ndani ya maji? Mwezi uliopita nilipoteza familia moja kutoka Lille: baba, mama, watoto na kikapu cha jibini. Nilisimama ukingoni nikipaza sauti, "Mko wapi?" Baba wa familia akajibu kwa uchungu, "Tuko mbele yako, bwana! Unatukanyaga!" Na kweli nilikuwa nimeweka mguu mmoja juu ya mtumbwi wao, nikidhani ni tope.

3. Tunaishi kwa usingizi wa mtu mmoja.

Kibao cha barabara kuu kinasema mfalme alilala hapa. Mfalme yupi, wenyewe hawakubaliani; upande wa kanisa wanasema huyu, upande wa daraja wanasema yule. Alilala usiku mmoja. Asubuhi akaondoka mapema, na hakuna aliyewahi kujiuliza kwa nini. Mimi najua: ni unyevu. Mimi nimelala Courvallon zaidi ya nusu karne na sijawekewa kibao, ingawa majirani wanashuhudia kwamba kukoroma kwangu husikika hadi ng'ambo ya mto. Kukoroma kwa mfalme hakuna aliyekushuhudia.

Kwa ajili ya usiku ule mmoja watalii wanashuka kwenye mabasi. Wanasimama chini ya kasri lenyewe, kivuli chake kimewafunika, wananiuliza, "Samahani, kasri liko wapi?" Siku hizi nawaelekeza kwa kinyozi. Bibi mmoja alinipiga picha nikiwa nimeinama nazibua mtaro. "Usisogee!" akaniambia. "Unapendeza, ni kama zamani!" Mheshimiwa, ilikuwa zamani kweli. Mtaro ule haujatengenezwa tangu babu yangu, kwa sababu kifuniko kipya kingeonekana.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kasri hili limekaa kwetu karne tano, na halijawahi kushika hata ufagio.

4. Mwenye kasri.

Huyu ni Bibi Hermine de Valcourtois, ambaye sote tunamwita Madam. Ana umri wa kasri na huvaa gambuti majira yote. Anauza tiketi mwenyewe kwenye kibanda cha langoni, mbwa wawili wakiwa wamelala miguuni, na sisi wanakijiji tunalipa kama wageni. Siku moja nilimwuliza, kwa upole, kama mtu aliyezaliwa hatua chache kutoka langoni hapaswi kuingia bure. Akanitazama juu ya miwani.

"Bourdichon, babu wa babu yako alilipa ushuru kuvuka daraja letu. Kwa nini nikuvunjie mila?"

"Madam, mapinduzi yalipita hapa."

"Nayo yalilipa tiketi."

Na ukishalipa unaona nini? Unaona chumba alicholala mfalme, kitanda kikiwa ni kipya kwa sababu cha zamani kililiwa na mchwa. Unaona picha za mababu zake, wote wakiwa na pua moja, kama waliirithi kwa zamu. Mwisho unashushwa jikoni. Huko kuna tanuri la mikate kubwa kuliko sebule yangu, la matofali, ambalo zamani lililisha askari wote wa kasri. Ndani yake imepangwa mikate bandia ya plasta ya chokaa, iliyopakwa rangi ya kahawia, na mbele yake kamba nyekundu, na kibao: USIGUSE.

Nakuomba usome tena mstari huo polepole. Katika kijiji kisicho na mkate, mkate wa plasta umewekewa kamba.

5. Bekari yenyewe, na hapa nacheka kidogo tu.

Bi. Ghislaine ana sauti ya kuitia ng'ombe walio wilaya jirani, na mikono ambayo haijawahi kukosa unga tangu alipofariki baba yake na kumwachia tanuri. Baada ya Pasaka dohani yake ya kutolea moshi ilipasuka. Wazima moto wakasema asiwashe moto tena mpaka awekewe bomba la chuma lipitalo juu ya paa. Akaomba kibali. Ukamjibu kwamba bomba hilo lingeonekana kutoka dirisha la mnara wa magharibi. Ukampendekezea alivike mawe. Paa lake, Mheshimiwa, haliwezi kubeba mawe. Lilikuwa linamlalamikia hata paka.

Nilikwenda kuhakikisha. Nilinunua tiketi, nikapanda mnara wa magharibi. Ngazi zile zilijengewa watu waliokula mara moja kwa siku. Nilifika juu nimeshasahau nilichokifuata. Hilo unaloliita dirisha ni tundu la kurushia mishale. Ili uone paa la Bi. Ghislaine ni lazima utoe kichwa chote nje na bega moja. Nikatoa kichwa. Nikaliona paa. Kichwa kikakataa kurudi.

Madam alikuja na sabuni, bila haraka. Nilimsikia nyuma yangu, sikumwona. "Bourdichon," akasema, "sasa na wewe unaonekana kutoka kwenye kasri langu. Kibali unacho?"

Kwa hiyo naweza kuapa mbele ya mahakama yoyote: bomba la Bi. Ghislaine lingeonwa na watu wawili tu duniani, mpiga mishale aliyekwisha kufa na mimi.

Tangu hapo tuna mashine ya mkate. Umeipitisha wewe, kwa kuwa iko kwenye maegesho, nyuma ya choo cha umma, mahali ambapo kasri halioni. Unaingiza sarafu, inanguruma, inakutupia mkate mrefu, laini kama mkono wa mtu anayekupa pole bila kukujua. Sibezi mashine. Nasema tu kwamba hata mbwa wa Madam waliunusa wakaondoka.

Na sasa nikueleze kuhusu Mzee Firmin Jaladon, kwa sababu ni kwa ajili yake naandika barua hii, ingawa hajui, na akijua atanitukana.

Mzee Firmin anaishi peke yake katika nyumba ya mwisho karibu na daraja. Kila asubuhi alikuja bekari kununua mkate wake na kumwambia Bi. Ghislaine kwamba wa jana ulikuwa mbaya. Alikuwa na mahali pake kwenye foleni. Tulimwachia hata alipochelewa. Asipotokea, na mkate wake ukaanza kupoa rafuni, Bi. Ghislaine alikuwa anatoka mlangoni na aproni yake akiita mtaa mzima, "Nani amemwona Firmin? Nyie, nani amemwona Firmin?" Majira ya baridi yaliyopita hakuna aliyekuwa amemwona. Tukakimbia. Tulimkuta chini ya ngazi ya ghala lake, mguu umevunjika, amejaa hasira. "Mmekuja sasa?" akafoka. "Mkate si umeshapoa!"

Mashine haijui kwamba Firmin hajaja. Mashine haina habari na mtu. Mzee huisalimu kila asubuhi, kwa mazoea, "Habari za kuamka, bibie." Anangoja kidogo, kwa adabu, ndipo anabonyeza. "Bibie huyu ana maringo," aliniambia. Nilicheka, kisha nikaenda kukaa ndani ya mtumbwi wangu, ambao nilitumia muda kuuona.

Hili linalofuata nakuambia kwa siri ya ofisi. Wiki mbili baada ya bekari kuzimwa, Mzee Firmin alinunua tiketi ya kasri, yeye ambaye hajaingia humo tangu harusi ya dada yake. Aliingia mwembamba, akatoka akitembea kama mtu aliyeficha paka ndani ya koti. Nilipomtembelea jioni niliukuta mezani kwake, juu ya kitambaa safi: mkate mmoja wa plasta. Nikamuuliza, "Mzee, utaula vipi huo?" Akanijibu, "Nani kasema nitaula? Unanitazama tu nikinywa supu." Nakusihi usimwambie Madam. Kwake wizi ni wizi, hata wa chokaa.

6. Hesabu ya dohani.

Nikiwa nimesimama mlangoni kwa Bi. Ghislaine, bila kutoa kichwa popote, naona dohani za kasri. Ni nyingi; Meya alizihesabu mara mbili akapata majibu mawili. Mababu wa Madam walizijenga kwa majivuno, ili aliye ng'ambo ya mto ajue kwamba hapa kuna watu wana kuni. Baadhi hazina hata meko chini yake. Wao walijenga dohani zisizo na moto. Sisi tuna moto usio na dohani.

Sheria inasema "kinachoonekana pamoja na kasri." Vizuri. Lakini kasri nalo linaonekana pamoja na bekari, na nyumba ile ya bekari, kwa jinsi tulivyosimuliwa na wazee, ilikuwapo kabla ya mnara wa magharibi. Nimekitafuta sana kibali cha mnara huo kuonekana kutoka bekarini. Sijakiona. Nilimwuliza Meya, Bi. Solenne Crépaud. Akashika kichwa. "Anselme, andika barua. Wote huandika barua. Mimi nina droo nzima." Ndio naandika.

Kwa sababu hizo zote, Mheshimiwa, naomba mojawapo ya haya, nikianza na lililo dogo:

Kwanza, tundu la mnara wa magharibi lizibwe. Kama hakuna fedha za kuliziba, niko tayari kuliziba mwenyewe kila siku ya kazi. Kichwa changu kina uzoefu.

Pili, hilo likishindikana, kasri lifunikwe kwa turubai la kijivu. Napendekeza njiwa. Ninayo iliyobaki, ingawa pengine ni mawingu.

Tatu, kasri lihamishiwe ng'ambo ya mto, kwa ng'ombe. Ng'ombe hawana madirisha ya kupaka rangi, na mikate hawali.

Nne, kama yote hayo ni magumu, basi libomolewe, na kwa mawe yake tumjengee Bi. Ghislaine dohani ya mawe kama ulivyopendekeza mwenyewe, pamoja na ukuta wa kuibeba. Mawe yatakayobaki wagawiwe watalii, maana wanapenda kwenda nyumbani na kitu.

Usiniambie kwamba bila kasri Courvallon haitakuwa kitu. Tutakuwa kijiji chenye mto, foleni ya asubuhi, na mkate. Palipo na hivyo vitatu, wafalme watakuja wenyewe, na pengine safari hii watakaa mpaka kifungua kinywa.

Tafadhali nifikishie salamu kwa mwenzi wako wa ndoa; kwa mama yako kama yu hai; kwa karani wako atiaye sahihi kwa wino wa kijani, ambao sijui kama una kibali; na kwa dereva wako, aliyekula maandazi manne ya tufaha ya Bi. Ghislaine siku ile mlipotukagua, kisha akaomba la tano la njiani. Mwambie la sita halipo. Josiane naye anakusalimu, kwa ufupi.

Ni mimi, mwenye njaa na heshima, kwa mpangilio huo,

Anselme Bourdichon
Mkodisha mitumbwi isiyoonekana

Nyongeza, Ijumaa asubuhi:

Mheshimiwa, barua hii haikuondoka Jumanne, kwa kuwa niliisoma kwanza kwa sauti mkahawani ili wenzangu wanisahihishe. Hawakusahihisha kitu, waliagiza divai. Na kwa kuwa Courvallon ni Courvallon, kesho yake Madam alikuwa mlangoni kwangu, na gambuti zake na mbwa wake.

"Bourdichon, nasikia unaniondoa."

"Si wewe, Madam. Kasri tu."

"Vizuri. Kabla hujaliondoa, njoo unisaidie kutoa ile mikate ya plasta tanurini. Mmoja umeibwa."

Nikaangalia viatu vyangu. Josiane, aliyekuwa nyuma yangu, naye akaangalia viatu vyangu.

"Msijisumbue, mwizi namjua," Madam akasema. "Kwenye kibanda kile sina kazi nyingine ila kuwatazama watu wakiingia na kutoka. Siku zote nilidhani wanakuja kuona alikolala mfalme. Mtu akifikia kuiba mkate wa chokaa, Bourdichon, basi kijiji kina njaa, na mwenye tanuri ni mimi." Kisha, kwa kuwa ni Madam, akaongeza, "Isitoshe, mashine yenu haikunisalimu."

Tukaitoa mikate. Tukafungua kamba. Wazima moto wakaja kuzibua dohani ya jiko, wakatoa magunia ya viota vya njiwa. Njiwa wenyewe, nakuhakikishia, hawana hata kidogo rangi ile ya kadi yako. Wakaikagua dohani tofali kwa tofali wakasema ni nzima kuliko sisi. Meya alipoulizwa kama hili linahitaji kibali, akajibu kwamba droo yake imekwama.

Alfajiri ya leo Bi. Ghislaine amewasha moto. Mikate ya kwanza imetoka chini myeusi, juu myeupe kama mgonjwa. "Tanuri hili lina kiburi cha wenyewe," akasema akijifuta jasho, "lakini tutaelewana." Tumeila yote, tumesimama uani mwa kasri, siagi ikituchuruzika mikononi. Ndipo akawapigia simu watu wa kipilefti, akawaambia ile kofia wamtafutie mwenye kichwa kingine.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, naomba uyasome maombi yangu manne ukianzia mwisho, na uyakatae kwa ukali kila moja. Jiwe lolote lisiguswe. Dohani zote zibaki, hata zile za majivuno, nani ajuaye. Wala usisumbuke kutafuta kosa kwenye moshi wetu: hauwezi kuharibu mandhari inayoonekana kutoka kwenye kasri, kwa sababu unatoka kwenye kasri.

Nakiri pia kwamba kutoka dirisha la jiko lile nimetazama mto kwa mara ya kwanza kutoka upande wa juu. Mitumbwi yangu sikuiona. Ulikuwa utulivu wa ajabu. Nilichokiona ni mwavuli wa uani kwa jirani yangu Thibaud, mwekundu, mkubwa, hauna haya mbele ya majengo ya kale. Simsemi mtu. Nasema tu kwamba unaweza kuja wakati wowote, nitakuonyesha mahali pa kusimama. Njoo asubuhi, na mfuko. Foleni inaanzia kwenye kibanda. Tiketi hatulipi, ila Madam anatulazimisha kufuta miguu, na wewe atakufutisha mara mbili.

Dereva aje pia. Mwambie la sita linapatikana.

Nafunga sasa, maana Josiane anataka meza. Ila niseme hili la mwisho. Leo mkate wa Mzee Firmin ulianza kupoa, na yeye hakuwapo. Bi. Ghislaine akatoka langoni na aproni yake, akaita, "Nani amemwona Firmin?" Nikwambie ukweli, kuta zile zinajua kazi: sauti yake ilizigonga ikashuka mtaa mzima mpaka darajani, na kila dirisha la kijivu likafunguka. Naye akatokea, anapanda kilima polepole na fimbo, koti limetuna upande mmoja. Akapita mbele ya kibanda bila kumwangalia Madam. Akaja hadi mbele ya foleni, mahali pake, akafungua koti, akauweka ule mkate wa plasta mbele ya Bi. Ghislaine.

"Huu ulionipa safari iliyopita umekauka," akasema. "Nibadilishie."

Bi. Ghislaine akamtazama Madam. Madam akawatazama mbwa wake. Akabadilishiwa.